Booker Washington, Mtumwa Aliyejenga Chuo

Katika upande wa kusini wa nchi ya Marekani kuna jimbo liitwalo Virginia. Huko, mwaka 1856, katika shamba la bwana mmoja aliyeitwa James Burroughs, alizaliwa mtoto wa kitumwa, naye akaitwa Booker. Mama yake, Jane, alikuwa mpishi wa shamba lile. Ilisemekana kwamba baba yake alikuwa Mzungu wa shamba la jirani, lakini mtu huyo hakumsaidia kwa lolote. Hata alipokuwa mtu mzima Booker hakuijua hakika siku aliyozaliwa, maana zamani hizo kuzaliwa kwa mtumwa kulihesabiwa kama kuzaliwa kwa ndama: mali ya bwana imeongezeka, basi.

Nyumba yao ilikuwa kibanda cha magogo chenye chumba kimoja, nacho ndicho kilichokuwa jiko la shamba. Sakafu yake ilikuwa udongo mtupu. Kitanda hakikuwapo; Booker, na kaka yake John, na dada yao Amanda, walilala juu ya matambara yaliyotandikwa chini. Wala hawakupata kukaa pamoja mezani na kula kama jamaa moja. Mtoto alipata kipande cha mkate saa hii, na kipande cha nyama saa ile, kama kuku aokotavyo punje uani.

Booker alianza kazi angali mdogo sana. Alifagia ua, alipeleka maji kwa watu waliolima, na mara moja kila juma alipeleka mahindi kwenye kinu cha kusagia, mwendo wa maili 3 hivi. Gunia lilitupwa juu ya mgongo wa farasi, na mtoto akapandishwa juu yake. Njiani gunia lilielemea upande mmoja, likaanguka, na mtoto akaanguka pamoja nalo. Nguvu za kulinyanyua hakuwa nazo. Basi alikaa kando ya njia akilia, mpaka apite mtu wa kumsaidia. Mara nyingi alirudi usiku, akipita msituni kwa hofu, naye ajua ya kuwa kwa kuchelewa kwake atakaripiwa au atapigwa.

Nguo zake zilikuwa shati moja tu, lililofumwa kwa nyuzi mbovu za kitani. Shati jipya la namna hiyo lilichoma mwili kama miba, na mtoto hakuweza kuchagua. Ni kulivaa au kukaa uchi. Ndipo kaka yake John alipofanya jambo ambalo Booker hakulisahau maisha yake yote. John alilivaa shati jipya la mdogo wake siku kadhaa, akavumilia yeye maumivu yake mpaka likalainika, kisha akampa.

Siku nyingine Booker aliamriwa kumchukulia vitabu binti wa bwana wake mpaka mlangoni pa shule. Hapo ilimpasa kurudi, kwa maana watumwa walikatazwa kufundishwa kusoma. Lakini kabla ya kurudi alichungulia ndani, akawaona wavulana na wasichana wameketi, kila mmoja na kitabu chake. Tangu siku hiyo tamaa ya kusoma ikamwingia moyoni, isimtoke tena.

Mwaka 1861 vilitokea vita kati ya majimbo ya kaskazini na majimbo ya kusini, na sababu yake kubwa ilikuwa utumwa. Mwaka 1865 majimbo ya kusini yalishindwa. Watumwa wa shamba lile wakaitwa mbele ya nyumba ya bwana, na mgeni mmoja akawasomea karatasi, kisha wakaambiwa ya kuwa wao ni huru, na kila mmoja aweza kwenda apendako. Mama yake Booker akainama, akawabusu wanawe, machozi ya furaha yakimtiririka. Siku hiyo alikuwa ameiombea miaka mingi, akiogopa hataishi mpaka aione.

Walakini uhuru haukuja na chakula mkononi. Baba wa kambo wa watoto wale alikuwa amekwenda katika mji mdogo wa Malden, huko West Virginia, palipopikwa chumvi. Akawaita wamfuate. Safari yao ilichukua majuma kadhaa. Vyombo vilikwenda garini, na watoto walikwenda kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Walipofika, Booker na John waliingizwa mara moja katika kazi ya tanuru za chumvi. Tena mara nyingi Booker alianza kazi saa kumi ya alfajiri.

Kila mfanyakazi aliyejaza mapipa ya chumvi alikuwa na hesabu yake iliyoandikwa juu ya mapipa, na hesabu ya baba wa kambo ilikuwa 18. Kila jioni Booker alimwona msimamizi akiandika alama zile, naye akazishika. Hivyo 18 ndiyo maandishi ya kwanza aliyoyajua, kabla hajajua hata herufi moja. Akamsihi mama yake amtafutie kitabu. Yule mama hakujua kusoma, na fedha ilikuwa haba, lakini alipata kitabu kimoja cha kujifunzia herufi, akampa. Pale jirani hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja aliyejua kusoma ambaye angeweza kumfundisha, na Wazungu aliogopa kuwaendea. Akakaa na kitabu chake peke yake, na baada ya majuma machache akajua herufi nyingi.

Hata shule ya watu weusi ilipofunguliwa, baba wa kambo alimkataza kwenda, kwa sababu mshahara wa mtoto ulihitajiwa nyumbani. Booker akapatana na mwalimu amfundishe usiku. Baadaye akaruhusiwa kwenda mchana, kwa sharti kwamba afanye kazi tangu mapema mpaka saa tatu ya asubuhi, kisha arudi tena kazini shule iishapo. Lakini shule ilikuwa mbali, nayo ilianza saa tatu hiyo hiyo! Mtoto akaona shauri moja tu, nalo halikuwa shauri jema: kila asubuhi aliisogeza mbele mishale ya saa ya kazini kwa nusu saa. Msimamizi alipogundua kwamba saa imechezewa, akaitia ndani ya sanduku na kulifunga. Booker aliyasimulia haya mwenyewe alipokuwa mtu mkubwa, bila kujificha. Hakutaka kumdhuru mtu, alitaka kuwahi shuleni tu.

Siku ya kwanza ya shule aliwasikia watoto wengine wakitaja majina mawili au matatu, naye alikuwa na moja tu. Zamu yake ilipofika akajipa jina papo hapo, akajiita Booker Washington. Akavaa kofia aliyoshonewa na mama yake kwa vipande viwili vya nguo nene, kwa kuwa yule mama hakutaka kukopa ili anunue kofia ya dukani kama za wenzake. Watoto walimcheka. Lakini Booker alijivunia baadaye kuwa mama yake hakuona haya kuwa maskini, bali aliona haya kuingia katika deni lisilo na lazima.

Baadaye alipelekwa kufanya kazi katika mashimo ya makaa ya mawe. Huko chini palikuwa giza tupu, na taa ikizimika mtu aliweza kupotea. Siku moja aliwasikia watu wawili wakizungumza habari za chuo kikubwa cha watu weusi mahali paitwapo Hampton, ambapo kijana maskini aweza kulipa chakula chake kwa kufanya kazi. Akatambaa gizani kimya awakaribie, asipitwe na neno. Hakujua Hampton ni wapi, wala ni mwendo wa siku ngapi, lakini tangu hapo alikusudia kufika.

Ili apate fedha, aliingia katika kazi ya nyumbani kwa mama mmoja Mzungu, Viola Ruffner, kwa mshahara wa dola 5 kwa mwezi. Mama huyu alisifika kwa ukali, na wavulana wengi walikuwa wamemkimbia. Booker alijifunza haraka anachotaka: kila kitu kiwe safi, kila kazi ifanywe kwa wakati wake, na mtu aseme kweli. Akayashika hayo matatu. Yule mama naye akamwamini, akamruhusu kwenda shule saa moja kila siku wakati wa baridi. Masomo aliyoyapata Booker kwa ufagio na kitambaa cha vumbi katika nyumba ile yalimfaa kuliko alivyodhani, kama itakavyoonekana.

Mwaka 1872, alipokuwa na umri wa miaka 16, aliondoka kwenda Hampton. Mama yake alikuwa mgonjwa, na kuagana kwao kulikuwa kwa huzuni. Wazee wa watu weusi wa Malden, waliokwisha maliza siku zao za nguvu katika utumwa, walikuja kumpa walichokuwa nacho: huyu senti 5, yule senti 25, mwingine leso. Walifurahi kumwona mtoto wao mmoja akienda kusoma, ingawa wao wenyewe hawatasoma.

Safari ilikuwa ya maili 500 hivi, na fedha yake haikutosha. Usiku mmoja magari ya farasi yalisimama kwenye nyumba ya wageni milimani. Wasafiri wengine wakapokewa; Booker akakataliwa kwa sababu ya rangi yake, hata kabla hajaulizwa kama ana fedha. Akatembea huku na huku usiku kucha ili apate joto. Hakuweka chuki moyoni, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umejaa Hampton. Akaendelea, pengine kwa miguu, pengine kwa kuomba kupakiwa garini, mpaka akafika mji wa Richmond, hana hata senti moja, na Hampton bado ilikuwa maili 82 mbele yake.

Njaa ilimwuma, na miguu ilikuwa imechoka kabisa. Usiku wa manane aliona mahali ambapo njia ya waendao kwa miguu ilikuwa imejengwa kwa mbao, ikainuliwa kidogo juu ya ardhi. Alipoona hakuna amtazamaye, akaingia chini yake, akaweka mkoba wake chini ya kichwa, akalala, huku akisikia nyayo za watu juu yake. Asubuhi aliona meli ikishusha mikuo ya chuma. Akamwendea nahodha, akaomba kazi, akapewa. Alifanya kazi kwa bidii, hata nahodha akapenda aendelee siku nyingine. Mshahara wake aliuweka akiba, na kila usiku alirudi kulala pale pale chini ya mbao, apate nauli ya kumfikisha Hampton. Miaka mingi baadaye watu weusi wa Richmond walimkaribisha kwa heshima, na mkutano wa watu kama 2,000 ulifanywa karibu na mahali pale alipolala.

Alifika Hampton akiwa na senti 50. Nguo zake zilikuwa chafu, na kwa siku nyingi hakuwa ameoga wala kula vizuri. Mwalimu mkuu wa wanawake, Mary Mackie, alimtazama na kuona shaka. Hakumkubali wala hakumkataa. Saa zikapita, na wengine wakapokewa mbele ya macho yake. Mwisho yule mwalimu akamwambia afagie chumba cha jirani. Booker akatambua ya kuwa huo ndio mtihani wake. Akakifagia chumba mara 3. Akafuta vumbi mara 4: kuta, viti, meza, na kila pembe. Akaondoa vyombo vyote akasafisha chini yake. Mwalimu akaja, akakagua sakafu na makabati, akatoa leso yake akaisugua juu ya meza na viti, asione hata chembe ya vumbi. Basi akampokea chuoni, akampa kazi ya kutunza jengo ili alipe chakula chake.

Mambo mengi pale yalikuwa mageni kwake. Kitandani aliona shuka mbili. Usiku wa kwanza akalala chini ya zote mbili. Usiku wa pili akalala juu ya zote mbili. Na kwa kuwatazama wenzake akajua kwamba mtu hulala katikati. Mkuu wa chuo, Jemadari Samuel Armstrong, alikuwa mtu aliyewapenda wanafunzi wake na kujichosha kwa ajili yao. Alimtafutia mfadhili wa kumlipia ada. Wakati wa likizo mama yake Booker alifariki, naye akaona dunia imekuwa tupu. Hata hivyo alirudi Hampton, akamaliza masomo yake mwaka 1875.

Kwanza alirudi Malden kuwa mwalimu. Alifundisha watoto mchana na watu wazima usiku. Tena hakusahau lile shati la kitani. John alikuwa amefanya kazi katika mashimo ya makaa ili kumsaidia Booker kusoma. Sasa Booker alifanya kazi ili John naye aende Hampton, naye akaenda. Hivyo wema wa utoto ulirudi kwa mwenyewe.

Mwaka 1881 watu wa mji wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama, walitafuta mtu wa kuanzisha shule ya walimu weusi. Wawili waliojitahidi sana kwa jambo hili ni Lewis Adams, fundi aliyekuwa mtumwa zamani, na George Campbell, aliyekuwa na watumwa zamani. Wakaandika barua kwa Jemadari Armstrong, wakidhani atawapelekea Mzungu. Yeye akamtaja Booker Washington, nao wakakubali.

Booker alipofika, alitazamia kukuta shule. Hapakuwa na nyumba wala kiwanja. Serikali ya jimbo ilitoa dola 2,000 kwa mwaka, nazo zilikuwa za mishahara ya walimu tu. Tarehe 4 Julai 1881 akaanza na wanafunzi 30 katika kanisa na kibanda kibovu kilicho karibu nalo. Mvua iliponyesha, mwanafunzi mmoja aliacha masomo yake amshikie mwalimu mwavuli. Kisha akaona shamba la ekari 100 linauzwa kwa dola 500. Akakopa dola 250 kutoka kwa mtunza fedha wa Hampton, akalipa nusu ya kwanza. Banda la farasi na banda la kuku wakayasafisha, wakayafanya madarasa.

Ilikuwa kazi ngumu kuwashawishi wanafunzi kufyeka msitu. Wengine walidhani kwamba asomaye hapaswi kushika shoka, maana wazazi wao walilazimishwa kazi ya mikono katika utumwa. Booker hakuwakemea. Kila siku baada ya masomo alichukua shoka lake mwenyewe, akatangulia msituni. Walipoona mwalimu wao haogopi kazi wala haionei haya, wakamfuata kwa moyo. Na watu wa mji, weusi kwa weupe, walisaidia. Mama mmoja mzee, aliyekuwa mtumwa zamani, alikuja amevaa matambara safi, akatoa mayai 6, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kuwapa wanafunzi.

Katika mji ule hapakuwa na mahali pa kufyatua matofali, na Booker alitaka kujenga. Basi wakachimba udongo, wanafunzi wakisimama matopeni mpaka magotini, na wengine wakachukizwa wakaondoka. Walifyatua matofali 25,000, wakayachoma; tanuru ikaharibika, kwa kuwa hawakujua kuijenga vema. Wakajenga ya pili, nayo ikaharibika. Wakajenga ya tatu. Moto ukawaka karibu juma zima, na kila mtu akatumaini. Usiku wa manane ikaanguka. Walimu wengine wakamsihi aache. Fedha imekwisha kabisa. Ndipo Booker alipokumbuka saa yake. Akaenda mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola 15, akarudi, akakusanya wanafunzi waliovunjika moyo, wakajenga tanuru ya nne. Hiyo ikafaulu. Muda wa rehani ulipokwisha hakuwa na fedha ya kuikomboa saa, nayo ikapotea.

Matofali yale yalikuwa mema, na Wazungu wa mji wakaja kuyanunua. Wengi wao walikuwa hawakupendezwa na shule, wakiogopa kwamba elimu itawaharibu watu weusi. Sasa waliona kwamba shule inaongeza kitu katika mji, na kwa kuuziana na kununuliana wakaanza kujuana.

Chuo kikakua. Mwaka 1896 Booker alimwita mtaalamu wa kilimo, George Washington Carver, aliyewafundisha wakulima maskini kurudisha rutuba ya mashamba yao. Tangu mwaka 1912, pamoja na tajiri Julius Rosenwald, alianza kazi ya kujenga shule za watoto weusi vijijini, ambapo wanakijiji nao walitoa fedha na nguvu zao. Ilipofika mwaka 1932 zilikuwa karibu 5,000. Sifa yake ilifika hata Afrika ya Mashariki: tume ya elimu iliyopita huku mwaka 1924, pamoja na Dk. Aggrey, ilishauri kufuata mfano wa Hampton na Tuskegee, na chuo cha walimu wa vijijini kilifunguliwa Kabete, nchini Kenya, mwaka 1925.

Si watu wote waliokubaliana naye. Mwaka 1895 alitoa hotuba katika mji wa Atlanta, akawashauri watu weusi waanze na kazi na elimu, na haki nyingine zitafuata. Mwanachuoni mweusi, W. E. B. Du Bois, alimpinga mwaka 1903, akisema kwamba haki ya kupiga kura na elimu ya juu hazifai kungojewa. Du Bois alikuwa na hoja yenye nguvu, kwa maana miaka ile watu weusi wa kusini walinyang'anywa kura na wengi waliuawa bila hukumu. Baada ya kufa kwake barua za Booker zilionyesha kwamba kwa siri alikuwa akitoa fedha kwa mawakili waliotetea haki hizo mahakamani.

Mwezi wa Novemba 1915 aliugua akiwa New York. Waganga wakamwambia hana siku nyingi. Yeye akataka arudishwe kusini, alikozaliwa na alikofanya kazi. Akapakiwa katika gari la moshi, akafika Tuskegee, akafa tarehe 14 Novemba, akiwa na miaka 59. Mahali alipoanza na wanafunzi 30 aliacha wanafunzi zaidi ya 1,500 na majengo zaidi ya 100.

Nyumba yake ingaliko pale chuoni, nayo imejengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na wanafunzi. Apitaye mbele yake na akumbuke tanuru tatu zilizoanguka na saa iliyopotea. Na akumbuke pia leso za wazee wa Malden, mayai ya yule bibi, na shati la John. Jasho la Booker lilikuwa jingi, lakini hakujenga kwa jasho lake peke yake.